Meza ya Arusha ilikuwa na pande 19, lakini waasi waliokuwa vitani walibaki nje

Mwana wa Chamwino (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Kila yanapoanza mazungumzo ya amani kati ya waasi wa kabila fulani na serikali iliyoingia madarakani kwa mtutu wa bunduki, mjadala wetu huanzia kwenye swali moja: je, msuluhishi ni mtu wa haki au ana upande wake? Naomba leo tutangulize swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoamua hatima ya usuluhishi wa Burundi. Ni nani hasa aliyeitwa kuketi, na je, huyo aliyeitwa akisema "acheni kupiga", yuko mpiganaji hata mmoja atakayemtii?

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule, nikumbushe kwa ufupi. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kwa kura kuwa Rais wa kwanza Mhutu wa Burundi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo akauawa na askari wa jeshi lililokuwa mikononi mwa Watutsi. Mauaji ya kulipizana yakafuata, vikundi vya Wahutu vikachukua silaha, na tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya, ambaye alikwisha kupindua serikali mara moja mwaka 1987, akapindua tena. Wakuu wa nchi za ukanda wetu walikutana Arusha siku sita baadaye na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, vilivyoendelea hadi Januari 1999. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa ameanza kuwakutanisha wanasiasa wa Burundi pale Mwanza hata kabla ya mapinduzi hayo, akaendelea na kazi ile katika mazingira magumu zaidi.

Mazungumzo yenyewe ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998. Mwezi huo siusahau, kwa sababu tulikuwa tukifuatilia habari za Arusha kwa redio ya betri huku kijijini kwetu kukiwa na suluhu ya aina yake, na baba yangu alikuwa mmoja wa wazee walioitwa kuiamua.

Baada ya mvua za El Niño, uwele ulikuwa umestawi kuliko nilivyowahi kuuona. Ng'ombe wa kaya moja wakaingia katika shamba la mama mjane wakati masuke yakianza kukauka. Kijana wake alipowafukuza, wachungaji wawili walimpiga fimbo hadi akavunjika mkono. Siku ya suluhu mwenye ng'ombe alifika mapema pamoja na kaka yake, akiwa amevaa koti na kuleta mbuzi wa kufidia, na maneno yake yalikuwa mazuri. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Waliopiga wako wapi?" Akajibiwa kwamba wako machungani na kwamba baba yao anawasemea. Baba alivuta kigoda chake kivulini akasema, "Basi tutawasubiri."

Tulisubiri tangu saa nne asubuhi hadi ng'ombe waliporudi jioni. Watu walinung'unika, wengine wakaondoka, na mwenye mbuzi aliona kama amedharauliwa. Vijana walipofika, mmoja alikataa kuketi. Alisimama na fimbo yake begani muda wote. Lakini ndiye aliyesema jambo ambalo baba yake ama hakulijua ama hakutaka kulisema: ugomvi haukuanzia shambani, ulianzia kwenye kisima cha korongoni, ambako kijana wa mjane alikuwa amewazuia mara mbili kunywesha mifugo. Bila neno lile, mbuzi angeliwa na ugomvi ungebaki palepale ulipokuwa.

Sasa turudi Arusha. Mezani hatimaye kulikuwa na pande 19: vyama 7 vya Wahutu vilivyojulikana kama G-7, vyama 10 vya Watutsi vilivyojulikana kama G-10, Serikali na Bunge. Chama cha CNDD, kimojawapo cha vyama vya Wahutu vilivyochukua silaha, kilikuwa kimegawanyika Mei 1998, mwezi mmoja tu kabla ya ufunguzi. Aliyeketi Arusha ni Leonard Nyangoma, mwanasiasa mwanzilishi. Aliyebaki na wapiganaji wengi ni Jean-Bosco Ndayikengurukiye, akiongoza CNDD-FDD. Palipehutu, chama kingine cha Wahutu, nayo ilikuwa hivyohivyo: Etienne Karatasi alikuwa mezani, lakini tawi lililokuwa likipigana, yaani FNL, lilikuwa chini ya Kossan Kabura na halikuwa mezani. Tarehe 21 Juni 1998 pande zilizokuwepo zilitia saini tamko la kusitisha mapigano ifikapo Julai 20. Mapigano hayakusimama, kwa kuwa waliotia saini kwa niaba ya msitu hawakuwa na msitu.

Siandiki haya kwa kumvunjia heshima Mwalimu. Kazi iliyofanywa na kamati za Arusha ilikuwa ya kina, na waliokabidhiwa hawakuwa watu wa kubahatisha: Armando Guebuza wa Msumbiji aliongoza kamati ya chanzo cha mgogoro, Nicholas Haysom wa Afrika Kusini ile ya demokrasia na utawala bora, Padri Matteo Zuppi wa Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki yenye makao Roma, ile ya amani na usalama, na Jaji Mark Bomani alikuwa nguzo ya ofisi nzima ya msuluhishi. Mgawanyo wa madaraka uliotoka humo ulikuwa na hekima kubwa, ukiwamo ule wa kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Lakini Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 waasi wakiwa bado nje, na Mandela alipokabidhiwa kazi Desemba mwaka huo, moja ya mambo aliyoyashughulikia mapema ni kuwatafuta wenye bunduki na kuzungumza nao. Muda haukutosha. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 mbele ya Rais Clinton na viongozi wengi wa Afrika, baadhi ya vyama vya Watutsi vikachelewa kutia saini hadi Septemba, na sehemu ya kusitisha mapigano ikaachwa ijazwe baadaye.

Fikirini maana yake. Mkataba wa amani unaeleza mahakama, uchaguzi, ardhi na fidia, lakini mahali pa kusema nani anaacha kupiga nani, lini na kwa amri ya nani, pako wazi. Vita viliendelea. CNDD-FDD, wakati huo ikiongozwa na Pierre Nkurunziza, ilikubali kusitisha mapigano Desemba 2002, ikatia saini itifaki ya Pretoria Oktoba 2003 kwa juhudi za Jacob Zuma, na ikakamilisha mkataba wake jijini Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2003. Kutoka Agosti 2000 hadi hapo ni zaidi ya miaka mitatu, na watu waliokufa katika miaka hiyo walikufa nchi yao ikiwa na mkataba wa amani.

Jambo lililofungua mlango wa Pretoria ni jeshi lenyewe. CNDD-FDD ilipewa asilimia 40 ya nafasi za maofisa katika jeshi jipya. Arusha wanasiasa walitumia miezi mingi kubishania nani atakuwa Rais wa kipindi cha mpito; walioko porini walikuwa na kisima chao cha korongoni, na hakuna aliyekitaja kwa uzito uleule hadi wao wenyewe walipoketi.

Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa Zabibu

Mwanangu, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na nusu ya ulichoandika. Mimi nilikuwa mtumishi wa umma katika miaka hiyo, na naomba tumtendee Mwalimu haki kwa kuieleza sababu yake ilivyokuwa.

Msuluhishi anayemkaribisha kila anayejitenga na chama chake anafundisha somo baya. Leo kamanda mmoja anamwasi mwenyekiti wake na anapewa kiti. Kesho naibu wa kamanda atamwasi kamanda ili naye apate kiti, na kwa mwendo huo vikundi vitazaliana kila mnapoahirisha kikao. Hofu hii haikuwa ya kufikirika, kwani tuliona baadaye kwamba Ndayikengurukiye mwenyewe alipinduliwa ndani ya CNDD-FDD mwaka 2001, na kundi lake dogo na kundi dogo la FNL ndiyo yaliyotia saini kusitisha mapigano Oktoba 2002 wakati wapiganaji walio wengi wakiwa kwingine.

Jambo la pili ni kwamba Watutsi wengi tayari walimwona Mwalimu kuwa anawapendelea Wahutu, na Serikali ya Buyoya ilikuwa ikiilalamikia Tanzania kwamba waasi wanapata mwanya katika kambi za wakimbizi. Katika hali hiyo, angewaingiza makamanda wa msituni siku ya kwanza, upande wa jeshi ungepata kisingizio cha kuondoka. Usisahau kwamba mwaka 1997 jumuiya ya Sant'Egidio ilikuwa imewakutanisha Serikali na CNDD kwa siri kule Roma. Habari zilipovuja, Buyoya alishambuliwa vikali na watu wa upande wake mwenyewe. Baba yako aliweza kusubiri hadi jioni kwa sababu wachungaji wale wangerudi nyumbani kwa vyovyote. Makamanda hawakuwa na ng'ombe wa kuwarudisha.

Mwana wa Chamwino (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya mwisho ni ya kweli, na nimekaa nayo jana usiku kucha.

Nakubali kwamba kiti hakiwezi kuwa zawadi ya kujitenga. Hata hivyo naona kuna tofauti kati ya kumtambua mtu kuwa kiongozi halali wa chama na kumtambua kuwa ndiye anayetoa amri ya kufyatua risasi. La kwanza ni jambo la wanachama wake. La pili linapimika: ukimwambia asimamishe mapigano katika mkoa mmoja kwa wiki moja, je, yanasimama? Msuluhishi angeweza kumwacha Nyangoma katika kiti chake cha siasa na wakati huohuo akafungua chumba cha pili, cha masuala ya kijeshi peke yake, kwa ajili ya wale waliopita kipimo hicho. Mwishowe ndivyo ilivyofanyika, ila kwa kuchelewa, na kwa gharama ya kuufungua upya mkataba ambao wengine walidhani umefungwa.

Kuhusu kisingizio cha jeshi, Roma ya mwaka 1997 naiona kwa namna nyingine. Inaonyesha kwamba Serikali ya kijeshi ilikuwa tayari kuzungumza na wapiganaji, ilimradi isionekane. Hapo ndipo msuluhishi anapohitajika hasa, kwa kuwa anaweza kuwa mlango wa nyuma wa watu wawili wasioweza kuonekana pamoja mlango wa mbele.

Msomi wa Chimwaga

Nawashukuru wote wawili. Naomba nipanue mada kidogo kwa mifano miwili, kisha niulize swali.

Sudan, Jaafar Nimeiry aliingia kwa mapinduzi mwaka 1969 akirithi vita na waasi wa Anyanya wa Kusini. Wasuluhishi walikuwa Baraza la Makanisa Ulimwenguni pamoja na Baraza la Makanisa Afrika Nzima, ambalo Katibu Mkuu wake, Burgess Carr wa Liberia, aliongoza vikao vya Addis Ababa chini ya ulezi wa Mfalme Haile Selassie. Mkataba ulipatikana tarehe 27 Februari 1972. Hapa hoja ya mleta mada inasimama imara, kwa kuwa Joseph Lagu alikuwa amekwisha kuviunganisha vikosi vya Kusini chini yake, hivyo ujumbe wake ulipokubali jambo, wapiganaji waliacha kupigana. Lakini mwaka 1983 Nimeiry mwenyewe aliugawa Mkoa wa Kusini kwa amri na kuuvunja mkataba, na vita vikarudi vikiwa vibaya zaidi. Makanisa hayakuwa na jeshi wala vikwazo, na Haile Selassie alikuwa amepinduliwa tangu 1974. Nani angemzuia?

Mfano wa pili ni Myanmar. Jeshi lilichukua madaraka tarehe 1 Februari 2021, na Aprili mwaka huo nchi za ASEAN, yaani jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, zilikubaliana na Jenerali Min Aung Hlaing mambo matano, bila majeshi ya makabila kuwapo chumbani. Vita vikaendelea kana kwamba hakuna kilichosemwa. China ilipoingia baadaye, ilizungumza moja kwa moja na wenye silaha. Je, mwenye maslahi makubwa namna ile mpakani anaweza kuitwa msuluhishi?

Mwana wa Chamwino (mleta mada)

Ndugu Msomi, swali lako linanilazimisha kuirekebisha hoja yangu, nami nitafanya hivyo bila kusita.

Tuuangalie mfano wa China kwa karibu. Tarehe 27 Oktoba 2023 majeshi matatu ya makabila, ya Wakokang, Wata'ang na Waarakan, yalianzisha mashambulizi ya pamoja katika Jimbo la Shan na kuteka miji mingi karibu na mpaka wa China. Januari 2024 China iliwakutanisha na jeshi la Serikali mjini Kunming, wakasitisha mapigano kaskazini mwa Shan. Ilipofika Juni mapigano yalikuwa yamerudi, na mwanzoni mwa Agosti Wakokang wakauteka mji wa Lashio pamoja na makao makuu ya kamandi ya jeshi ya kaskazini mashariki. Hapo China ilifunga vituo vya mpakani, bidhaa zikaadimika katika maeneo ya waasi, na Januari 2025 Wakokang wakatia saini mkataba mpya. Aprili mwaka huo walilirudishia jeshi mji wa Lashio, na waangalizi wa China walikuwapo.

Kwa kipimo changu cha mwanzo, China ilifaulu: iliwaketisha wenye bunduki, na bunduki zikanyamaza mahali zilipotakiwa kunyamaza. Lakini ilichokiuliza mezani ni biashara ya mpakani na usalama wa miradi yake. Haikuuliza kwa nini makabila yale yamekuwa yakipigana na Serikali za nchi ile kwa miongo mingi, na kwa hiyo jeshi lililosimama Shan lilipata nafasi ya kupigana kwingine. Wenye bunduki walikuwepo, kisima hakikutajwa.

Maslahi ya msuluhishi peke yake hayanisumbui. Tanzania ilikuwa na maslahi makubwa Burundi: mamia ya maelfu ya wakimbizi, mpaka wa Kigoma na Kagera usiotulia, na mzigo wa kulisha watu ambao sisi wenyewe tulikuwa na uhaba wa kuwalisha. Maslahi hayo ndiyo yaliyotufanya tusichoke, kwani yalitimia tu Warundi wakirudi kwao kwa usalama, na hilo halikuwezekana bila kuondoa chanzo. Ningependa msuluhishi apimwe hivyo: je, anachokitaka yeye kinapatikana hata kama ugomvi utabaki? Kama kinapatikana, ataondoka siku atakapokipata.

Kuhusu Addis Ababa sina jibu jepesi. Burundi ilipata askari wa Afrika Kusini wa kuwalinda wanasiasa waliorudi tangu Oktoba 2001, ikapata kikosi cha Umoja wa Afrika mwaka 2003 na cha Umoja wa Mataifa mwaka 2004. Lakini kinga iliyo bora naiona katika jeshi lenyewe kuchanganywa nusu kwa nusu, kwa sababu Rais anayetaka kuvunja mkataba anahitaji askari wa kuuvunja, na nusu ya askari hao ni watu ambao mkataba unawalinda. Sudan wapiganaji wa Anyanya waliingizwa katika kamandi ya Kusini pekee, huku jeshi lililobaki likiwa mikononi mwa Khartoum kama zamani.

Binti Ulyankulu

Kaka zangu na mzee wetu, nimezaliwa Ulyankulu mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia mauaji ya mwaka 1972. Sisi ni miongoni mwa wale zaidi ya 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania, na leo ninaishi Dodoma nikiwa Mtanzania kamili, jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi bila mama kunyamaza kidogo.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba mnamzungumzia mwenye bunduki kana kwamba kiti kilichokosekana Arusha kilikuwa chake peke yake. Baba mdogo alirudi Burundi baada ya uchaguzi wa 2005 na kukuta shamba la babu lina nyumba tatu za watu ambao nao waligawiwa na Serikali miaka ya sabini, wamezaa hapo na kuzika hapo. Mkataba wa Arusha ulikuwa na sura nzima ya wakimbizi na ardhi, nasi tuliipokea kwa furaha. Lakini makamanda walipofika mezani mwaka 2003 walizungumzia vyeo vya jeshi, wizara na polisi, na sikuona habari ya shamba la babu. Waliokuwa vitani walisema wanapigana kwa ajili yetu. Walipopata kiti, walikikalia.

Mwana wa Chamwino (mleta mada)

Dada yangu, asante, na poleni kwa yote. Nilipoandika mada hii niliwaza mtu anayeweza kusimamisha risasi, sikuwaza mtu atakayekuta nyumba tatu shambani kwake.

Nadhani kiti cha mwenye bunduki ni cha lazima kwa sababu bila yeye hakuna siku itakayokucha bila milio. FNL ilibaki nje hadi Septemba 2006 iliposaini Dar es Salaam na Serikali iliyokuwa imechaguliwa, na haikuacha silaha na kuwa chama cha siasa hadi Aprili 2009. Watu wa vitongoji vya Bujumbura wanajua miaka ile ilivyokuwa. Lakini umeonyesha kwamba kiti hicho kikiwa cha mwisho kuongezwa, anayekikalia hukuta mambo ya wananchi yamekwisha kuandikwa na kufungwa, naye anabaki kudai yaliyo yake. Wangeketi chumba kimoja na kamati ya ardhi tangu 1998, huenda wangelazimika kusema mbele ya wakimbizi kama kweli wanawapigania.

Kijijini kwetu suluhu haikuisha siku ile. Wazee walirudi korongoni mara mbili kupanga zamu za kunywesha, na mara ya pili walimwita yule mama mjane, ambaye siku ya kwanza alikuwa amekaa pembeni na wanawake wenzake akisubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Alidai zamu ya kuchota ya alfajiri, kabla ng'ombe hawajachafua maji, akapewa. Yule kijana aliyekataa kuketi ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia mifugo hadi akina mama wamalize kuchota, na aliifanya kwa misimu miwili, fimbo ikiwa begani vilevile.

Kama baba mdogo wako yupo na anaridhia, naomba utuandikie shauri lake liliishia wapi huko Burundi, na ni nani aliyelisikiliza.